Fomu ya Usahaulifu na Mboga ya Sista Kiden

Mliponiaga pale chuoni mlinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa. Mkanipa na daftari, mkasema, Madam Candiru, tuandikie ulivyofanya kazi, nasi tujifunze. Haya, nimekaa hapa kwangu Aroi, mihogo imeshapandwa, kuku nimewafungia wasinisumbue, naandika. Habari za vyeo mtanisamehe. Nilipandishwa kila mara aliyekuwa mbele yangu alipochoka kungoja akaondoka, na hapo hakuna la kujifunza. Na mtakaosema Kiswahili changu ni cha kambi ya jeshi, mko sahihi. Baba alikuwa askari, tulizaliwa kambini, na Kiswahili ndicho kilichotulea. Ninyi wenyewe, Walugbara, Wakakwa, mliotoka Kongo na mliotoka Sudan Kusini, mkigombana wodini mnagombana kwa lugha hiyo hiyo. Kwa hiyo tuvumiliane.

Siku yangu ya kwanza wodini, katika hospitali moja ya Arua, nilifika na gauni lililopigwa pasi mpaka linakwaruza shingo, kalamu tatu mfukoni, na kichwa kilichojaa maelezo niliyoyakariri. Aliyenipokea alikuwa Sista Kiden, Mkakwa aliyeolewa Ludara. Sista kwa maana ya muuguzi, si mtawa. Mtawa asingekuwa na ulimi ule. Alikuwa mwembamba, ana sauti ndogo, na sauti hiyo ndogo ilikuwa inawakimbiza wanaume wazima. Aliniuliza mgonjwa wa kitanda cha nne ana nini. Nikafungua faili. Akalifunga, vidole vyangu vikiwa bado ndani.

"Faili haliumwi," akasema. "Mnuse."

Nilidhani ananitania kwa kuwa mgeni. Wapi! Yule mama alikuwa anafanya kazi kwa pua. Kidonda kilichoanza kuoza alikijua kabla bandeji haijafunguliwa. Mwenye kisukari kilichopanda alimjua kwa pumzi, akipita tu karibu na kitanda. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa alimtambua kutoka mlangoni, akampigia kelele mama yake asimtie kidole kooni, maana yakirudi juu yanaingia mapafuni. Tulichemsha sindano kwenye sufuria, tulipima joto kwa vipimajoto vya kioo ambavyo mimi nilivunja vinne kwa mwezi wa kwanza, na juu ya vyote hivyo kulikuwa na pua ya Sista Kiden. Alinifundisha kazi kwa miaka mingi. Nilipofiwa na mume wangu, yeye ndiye aliyesimama nami kaburini akinishika kiuno nisianguke. Nampenda mama yule, naandika hivyo mapema ili mjue nilivyomkosea baadaye.

Alipostaafu akarudi Ludara kulima, na mimi nikapelekwa chuoni kufundisha. Kwenye mtaala wa uuguzi kulikuwa na mada ya ugonjwa wa Alzheimer. Iliwekwa wiki ya mwisho ya muhula, wakati ambapo wanafunzi wameshafunga masanduku na mwalimu ameshafunga moyo. Nilikuwa naingia, nawasomea maelezo, wao wanaandika. Ubongo unaharibika polepole, kumbukumbu inapotea, hisia ya harufu hupungua mapema, mgonjwa hupotea njia, na kadhalika. Kisha nafunga kitabu na kuwaambia kwa uhakika wote, "Huu hamtauona. Ni ugonjwa wa wazungu, wao wanaishi sana na wanakaa peke yao. Uandikeni tu, utakuja kwenye mtihani."

Nilisema hivyo kwa chaki, baadaye nikasema kwa projekta, na umeme ulipokatika nikasema kwa mdomo mtupu.

Na majibu waliyoniandikia yalifanana na mafundisho. Mmoja aliandika kwamba Alzheimer ni daktari wa zamani aliyesahau kwenda kazini. Mwingine akasema unaletwa na kufikiri sana, na kinga yake ni kutofikiri, ushauri ambao yeye mwenyewe alikuwa anaufuata vizuri. Wa tatu aliandika kwamba mgonjwa apewe maji na aombewe. Katika wote hao alikuwepo kijana mmoja, Ema, ambaye alijua kila kitu. Ema angeweza kukuandikia jina la protini inayoziba ubongo bila kukosea herufi, na hatua zote za ugonjwa kwa mpangilio. Nilimpa alama zote, nikaibandika karatasi yake kwenye ubao wa matangazo.

Na alikuwepo Furaha, binti wa wafanyabiashara kutoka Kongo, upande wa Ariwara. Huyo alama zake zilikuwa za kuburuta miguu, na alikuwa na tabia ya kuuliza maswali yasiyo na mahali pa kuyaweka. Siku ile aliniuliza, "Madam, mutu mwenye ugonjwa huo, yeye mwenyewe anajua?" Nikamjibu kwamba hilo halimo kwenye mtaala. Darasa likacheka. Nami nikacheka.

Kisha ikaja warsha. Mnazijua warsha: siku mbili hotelini, maji ya chupa, mkoba wenye kalamu, na mgeni anayesema "kama mnavyojua" kila anapotaja kitu ambacho hatukijui. Tulirudi na fomu ya kupimia usahaulifu wa wazee. Ilikuwa imetungwa mbali sana, na aliyeitafsiri alionekana kuogopa kubadili chochote. Chuo kikafurahi. Ikaamuliwa tuwapeleke wanafunzi Lobule wakawapime wazee, na mimi ndiye niongoze msafara.

Tulikwenda na gari la chuo mpaka lilipokataa, kisha kwa miguu, wanafunzi wamevaa sare nyeupe, jambo ambalo kwenye udongo ule ni ushujaa. Wazee walikuwa wamejaa, wengi wao kina mama, kwa sababu aliyewaita alikuwa amewaambia tunagawa vyandarua. Ema akaketi mbele ya bibi mmoja mwenye macho makali, akafungua fomu na kuuliza swali la kwanza. Tuko ghorofa ya ngapi?

Bibi akainua mkeka akatazama chini yake. Ema akaandika sifuri. Akauliza sasa ni majira gani, ya theluji, ya maua, ya joto au ya majani kupukutika. Bibi akasema ni wakati wa kupalilia, na ninyi mmeniweka hapa. Sifuri. Akaambiwa ahesabu kutoka mia moja akiondoa saba saba.

"Mia moja ya nini?" akauliza bibi.

"Ya chochote."

"Hakuna mutu anahesabu chochote," akasema bibi, na kwa upole akataka kujua ni nani aliyezichukua hizo saba, na kama amesharipotiwa.

Sifuri. Akaambiwa aandike sentensi. Hakuwahi kushika kalamu. Akaambiwa achore saa. Akachora duara, akalitazama, akaliwekea macho na mdomo. Kufika saa sita mchana Lobule yote ilikuwa na ugonjwa mkali, isipokuwa karani mmoja wa zamani wa chama cha ushirika, ambaye alizoea kujaza fomu. Furaha alinivuta kando akaniambia kwamba bibi aliyepata sifuri amemtajia wajukuu wake kumi na mmoja, na mbuzi wa kila mjukuu, na mbuzi yupi alizaliwa na yupi. Nikamwambia mbuzi hawamo kwenye fomu. Mnaona mwalimu mliyekuwa naye?

Tukirudi nikasema tupitie Ludara, nimsalimie mwalimu wangu. Sista Kiden alikuwa anaishi pale kwenye ardhi ya marehemu mume wake, pamoja na mkwe wake Gladi na binti mdogo wa Gladi. Mwana wake, mume wa Gladi, yuko Juba kikazi. Alitupokea kwa salamu zake kamili za Kikakwa, za nyumba, za watoto, za mifugo, za mvua, hakuruka hata moja. Wanafunzi wakavutiwa. Nikawaambia, huyu ndiye mzee mwenye afya, Ema mpime ili muone tofauti.

Ema akauliza habari ya ghorofa. Sista akamtazama kama alivyokuwa akitutazama wodini. "Kijana, swali hilo halimfai mgonjwa. Lipite." Ema akalipita, akampa alama. Kwenye kuondoa saba, Sista akamwuliza kama yeye mwenyewe anaweza. Ema akajiweka sawa, akatiririka, tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa. "Vizuri sana," akasema Sista, na Ema, kwa furaha ya kusifiwa, akampa alama hizo pia. Kwenye kuchora saa alimwambia kwamba muuguzi hachori saa, anaitazama. Alama. Alipomaliza, kwa hesabu ya fomu, Sista Kiden alikuwa mwenye akili timamu kuliko wazee wote wa wilaya ya Koboko, na hata swali moja alikuwa hajajibu.

Sikuliona hilo. Niliona Sista wangu, mkali vilevile. Gladi alikuwa amesimama mlangoni, akaniita kando na kusema, "Madam, iko kitu nataka kusema, habari ya mama." Nikamwambia gari linangoja, atanieleza siku nyingine. Tukaagana. Sista akanishika mkono akasema, "Msalimie mume wako. Mwambie apunguze sigara."

Mume wangu alikuwa amekufa miaka sita iliyopita.

Nikasema, "Nitamwambia." Mwalimu wa wauguzi, mwenye projekta na fomu ndani ya mkoba, nikasema nitamwambia. Nilijidanganya kwamba ni uzee tu, kwamba alichanganya majina, kwamba amechoka na wageni. Ndani ya gari Furaha, ambaye alijua mimi ni mjane, alinitazama njia nzima. Nikajifanya nasoma ripoti. Ripoti yenyewe ilisifiwa sana huko juu, na Lobule ikawekewa alama nyekundu kwenye ramani ya ofisini.

Ilipita miezi. Siku moja muuguzi wa kituo kimoja cha afya Koboko, aliyekuwa mwanafunzi wangu, akanipigia simu. Binti wa Gladi, miaka minne, ameletwa na mafuta ya taa kifuani, na bibi yake ndiye aliyemlisha. Mtoto yule alipona, nawaambia mapema msije mkasoma mkiwa mmeshika roho. Alikaa kituoni siku chache akakohoa akarudi nyumbani anaomba maandazi. Aliyekuwa hatarini ni bibi.

Mlio wa huku mnajua, na mlio wageni jifunzeni. Kwetu anayepika huonja kwanza mbele ya wageni. Anayeleta pombe hunywa kwanza. Kila mtu anajua ni kwa ajili ya nini na hakuna anayekitaja. Mtu akisemwa kwamba anatia watu sumu, basi hana tena jirani. Watu wamechomewa nyumba kwa neno hilo, wengine wamefukuzwa usiku mmoja na nguo walizovaa.

Ilikuwa Jumapili mchana, kuna wageni wa ukoo. Mafuta ya kupikia na mafuta ya taa yote tunayanunua kwenye chupa za maji, ujinga wetu wa siku zote ambao nimeukemea wodini maisha yangu yote. Sista alishaipua mboga, akamiminia mafuta juu, akachanganya. Taa ya mafuta ilikuwa hapo hapo jikoni, kwa hiyo harufu haikumshtua mtu. Akachota kijiko kizima mbele ya wote, akala, akasema imekolea. Kisha akamlisha mjukuu aliyekaa karibu naye. Mtoto alimeza mara mbili akaanza kukohoa na kulia, ndipo watu wakasogeza bakuli puani.

Mkutano uliitwa Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa mwenyekiti wa kijiji, viti vya plastiki mbele na mikeka nyuma. Jambo lilikuwa moja: Sista Kiden aondoke kwenye ardhi ya watu, arudi kwao. Kwao ni ng'ambo ya mpaka, na vita vimepita huko mara nyingi, hakubaki mtu wa kumpokea. Angekaa barabarani mpaka afe. Nilikwenda na Ema, kwa sababu anajua yote, na Furaha kwa sababu aliomba. Sista alikuwa ameketi mbele, amevaa nguo ya kanisani, anamsalimia kila anayefika, na wengine alishawasalimia mara mbili. Alidhani ni harusi.

Gladi alisimama kwanza. Sikumlaumu, mtoto ni wake. Alisema polepole, bila kelele.

"Yeye alionja mbele yetu. Mimi nilikuwa hapo. Mutu mwema akionja mafuta ya taa atatema. Yeye hapana tema. Alimeza, akasema imekolea. Basi alikuwa na dawa ya kujikinga. Mimi nilikaa na yeye miaka tisa nikimwita mama. Sasa nataka kujua, mimi nilikuwa nakaa na nani?"

Watu wakanung'unika. Nikasimama mimi, nikaeleza ubongo. Nilieleza vizuri sana. Ema akaongeza protini, na hatua za ugonjwa, kwa mpangilio. Mwenyekiti alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Madam, hii ugonjwa iko na sindano?" Nikasema hapana. "Iko na vidonge?" Nikasema viko, ila haviponyi, na hapa hatuna. Akageukia watu. "Sasa, ugonjwa bila sindano, bila vidonge, huo ni ugonjwa gani?" Wakacheka, na sisi ndio tuliowafundisha kucheka hivyo, maana tangu lini tumewahi kumruhusu mgonjwa atoke kituoni bila sindano? Nikakaa chini. Nilikuwa nimeshindwa, na nilimwona Sista ananipungia mkono kwa furaha, nikataka ardhi inimeze.

Furaha akaniinamia sikioni. "Madam, si wewe mwenyewe ulituandikisha? Hisia ya harufu hupungua mapema. Huyu mama hakujikinga na kitu. Hasikii harufu tu, na ladha imeondoka nayo."

Nimeisoma sentensi ile kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, na sikuwahi kuisikia. Pua ile. Nilishikwa na aibu ambayo sijui kuiandika.

Furaha hakuniomba ruhusa. Alikwenda kwa wanawake wa mikekani, akaazima vikopo vinne, akatia kitunguu kilichokatwa, samaki mkavu, simsim, yaani ufuta, iliyokaangwa, na mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa. Akaomba mtu yeyote afungwe macho anuse. Wakajitokeza wengi, maana mchezo ni mchezo hata kwenye kesi. Bibi mmoja, wa umri wa wale wale tuliowatia sifuri Lobule, hakukosea hata kimoja. Juu ya samaki alisema si wa wiki hii, na juu ya mafuta ya taa akataja duka, kwa sababu mwenye duka lile anachanganya na dizeli. Mwenye duka alikuwepo, akatazama viatu vyake. Mwenyekiti naye akanusa, akajua vyote. Gladi akasema na yeye afungwe, asije akadanganywa. Kopo la mafuta ya taa lilipofika, akarudisha kichwa nyuma kwa nguvu.

Kisha Furaha akapiga magoti mbele ya Sista Kiden, akamfunga kitambaa taratibu akimweleza kila anachofanya, kama inavyotakiwa na kama msivyofanya. Kitunguu: Sista akavuta pumzi, akafikiri, akasema ni kitu kizuri. Samaki: asante, ni kizuri pia. Furaha akasogeza mafuta ya taa karibu kabisa na pua.

"Hii ni nini, mama?"

Sista akanusa mara mbili, kwa adabu ya mtu aliyealikwa. "Mafuta ya simsim," akasema. "Ni safi. Nani amekamua?"

Hakuna aliyecheka. Gladi alisimama mkono mdomoni. Akasema, kama anayejiambia mwenyewe, "Kumbe hasikii. Kumbe mama hakujua alikula nini."

Sasa sikilizeni, wenzangu, msije mkaanza kuzunguka na vikopo. Pua peke yake haithibitishi kitu. Mafua tu yanaweza kumfanya mtu akose harufu. Kilichothibitisha ni kile kilichofuata. Nilimwomba Gladi aniambie lile alilotaka kuniambia siku ile mlangoni, na akasema yote mbele ya watu. Sufuria zilizoungua. Sista kupotea akienda kisimani, njia aliyopita nusu ya maisha yake. Kuficha chumvi ndani ya unga na kulia kwamba ameibiwa. Kumwamsha Gladi amsaidie kutafuta mume aliyezikwa zamani. Mwaka mzima na zaidi, hatua kwa hatua, kama kwenye karatasi ya Ema kule ubaoni, ila hii ilikuwa na tarehe za palizi na za mavuno. Muuguzi wa kweli wa ugonjwa ule alikuwa Gladi, na hatukumwuliza kwa sababu fomu haikuwa na mahali pake.

Nikasimama tena. Safari hii sikusema ubongo. Niliwaambia kwamba huyu ndiye aliyenifundisha kazi, kwamba nilimwona mgonjwa nikanyamaza, kwamba aliniagiza salamu kwa mume wangu marehemu na mimi nikasema nitamwambia. Kama kuna mtu aliyemdhuru mtoto yule, nikasema, ni mimi niliyejua nikafunga mdomo. Nikalia mbele ya wanafunzi wangu. Ema alinipa kitambaa chake. Kijana ana moyo, ni sisi tuliomjaza karatasi.

Mwenyekiti alishauriana na wazee wa ukoo, akatoa uamuzi. Sista Kiden hafukuzwi, yeye ni mgonjwa, na atakayemwita mtia sumu atakuja kujibu hapa hapa uwanjani. Ila asiguse tena jiko wala chakula cha mtu. Watu wakapiga makofi. Sista naye akapiga, akamwuliza jirani yake bibi harusi yuko wapi.

Muhula uliofuata niliihamisha mada ile kutoka wiki ya mwisho hadi ya pili. Fomu niliiacha kabatini. Tuliwapeleka wanafunzi Lobule tena, safari hii kuwauliza wakwe na mabinti wanaokaa na wazee, na kumwomba radhi yule bibi wa mbuzi. Alisamehe, akauliza vile vyandarua vimefika wapi. Ema aliniuliza kama kunusa kutakuja kwenye mtihani. Nikamwambia ndiyo, ili anuse.

Mwezi uliopita, baada ya ninyi kuniaga, nilikwenda Ludara. Sista hakunijua. Aliniita mgeni, akanipa kiti, akanisalimia salamu fupi tu, nyingine zimeshaondoka. Nilishangaa kumkuta ameketi jikoni, mwiko mkononi, anakoroga mboga. Nikamtazama Gladi. Niliona kwamba taa ya mafuta haipo, wamenunua ya jua, na chupa zote zimepandishwa juu ya paa la ghala.

"Mwenyekiti alisema asipike," akaniambia Gladi kwa sauti ya chini. "Mimi nilimkataza. Kila asubuhi anakuja hapa, namwambia, mama, hapana. Anauliza amefanya nini. Namwambia. Analia. Kesho amesahau, anakuja tena, namwambia tena, analia upya, kama hajawahi kuambiwa. Madam, mimi nilichoka kumfukuza mama kila siku."

Mtoto akaja akaketi katikati yetu na sahani yake. Sista akaipua sufuria, akachota kijiko mbele yetu sote, akaonja. Akafikiri kidogo.

"Imekolea," akasema.

Gladi akakipokea kijiko, naye akaonja. "Ndiyo, mama," akasema, "imekolea," na akaongeza chumvi.